Mvua za kwanza Bukavu: asubuhi mlimani, alasiri bustanini

Kila mwaka, ifikapo wiki za mwisho za Agosti, watu wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo kando ya ziwa Kivu, huanza kutazama juu. Vumbi la miezi mitatu limetanda juu ya majani ya migomba, barabara ya kupanda Kadutu imekuwa rangi moja na kuta za nyumba zilizo kando yake, na Kahuzi, mlima tuliozoea kuuona asubuhi, umefichwa na moshi wa mashamba yanayochomwa. Kisha siku moja, karibu saa tisa alasiri, upepo hubadilika ghafla, mabati huanza kulia tone moja moja, na harufu ya udongo hupanda hadi vyumbani. Watoto hutoka mbio uani. Baada ya nusu saa jua limerudi, nguo zinaanikwa tena, na inaweza kupita wiki nzima kabla ya tone la pili kuanguka.

Msimu huu wa katikati, ambao si kiangazi tena na bado haujawa masika kamili, ndio ninaoupenda kuliko mingine yote, na inaniuma kuona wengi wetu tunaupitisha kwa manung'uniko: mvua imenikuta njiani, mbegu zimekufa, viatu vimejaa matope. Watu wa Ulaya wana miezi yao ya machipuko kuanzia Machi, wakati baridi na jua zinapogombania siku moja. Sisi, tulio digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, tuna Septemba na Oktoba. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina kiwanja kwenye mteremko wa Muhungu, na nyuma ya nyumba kuna bustani ya mita 12 kwa 8, na kwa miaka 11 sasa nimejizoeza kuilima bustani hiyo na kupanda milima inayouzunguka mji wetu katika wiki hizi hizi ambazo wengine hukaa ndani wakisubiri hali ya hewa itulie. Ninachotaka kumwambia msomaji ni kwamba asisubiri. Hali ya hewa ya mwanzo wa mvua haina uhakika wa siku, lakini ina saa zake, na mtu akizijua saa hizo anaweza kupata mlima na bustani katika siku moja bila kunyang'anywa hata kimoja.

Saa hizo zinatokana na ziwa na milima yenyewe. Karibu na tarehe 22 au 23 Septemba jua huvuka ikweta likielekea kusini, na ukanda wa mvua hulifuata polepole, ndiyo maana mvua za kwanza huja na kukatika kana kwamba mtu anajaribu mlango kabla ya kuingia. Lakini ndani ya siku moja, jambo linaloamua ni hili: maji ya ziwa Kivu hupata joto na kupoa taratibu, ilhali mawe na udongo wa milima hupata joto upesi na kupoa upesi. Mchana milima inapopata moto, hewa yenye unyevu hupanda kutoka ziwani kwenda juu, hupoa, hugeuka mawingu makubwa, na alasiri hutuangukia. Usiku mambo hugeuka. Hewa baridi hushuka kutoka milimani kurudi ziwani, mawingu hukusanyika juu ya maji, na wavuvi wa sambaza (samaki wadogo), wanaofanya kazi gizani kwa mwanga wa taa, hukutana na dhoruba wakati sisi tumelala. Kwa hiyo katika wiki hizi asubuhi, tangu alfajiri hadi karibu saa tano, kwa kawaida ni safi. Si kila siku. Lakini siku nyingi kiasi cha mtu kuweza kupanga maisha yake juu yake.

Nianze na bustani, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu zaidi.

Mwaka wangu wa pili mvua ilinyesha vizuri siku mbili mfululizo mwanzoni mwa Septemba. Siku ya tatu nikatoka na jembe, nikapanda kilo nzima ya maharage niliyokuwa nimechagua punje kwa punje. Yaliota yote. Nilipita kati ya mistari kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, nikiyahesabu majani yake mawili mawili kwa furaha ambayo hata sasa naikumbuka. Kisha jua likawaka siku 12 bila wingu. Nilimwagilia kwa bidoni mpaka maji ya nyumbani yakaisha, lakini miche ikalala chini mmoja baada ya mwingine. Nilipofukua mmoja kwa kidole, niliona mzizi wake umeshuka wima hadi pale unyevu ulipoishia, kisha ukapinda na kutambaa ubavuni kana kwamba umegonga sakafu. Chini ya hapo udongo ulikuwa mkavu na mwepesi kama unga wa muhogo. Mvua mbili zilikuwa zimelowesha urefu wa vidole vitatu tu, na mimi nilikuwa nimeuamini uso wa udongo.

Tangu siku hiyo sipandi kabla ya kuuliza udongo. Nachimba kishimo kwa panga, chenye kina cha kiganja changu tangu kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, yaani sentimita 18 hivi, na ninachota udongo wa chini kabisa na kuufumbata. Nikifungua mkono na udongo ukasambaratika kama vumbi, nasubiri, hata kama mvua imenyesha jana usiku na majirani wote wako shambani. Ukibaki donge ambalo hupasuka ninapolibonyeza kwa dole gumba, napanda siku hiyo hiyo. Ukiwa unang'aa na kunata vidoleni, naacha, kwa maana udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi, uliozaliwa na mawe ya volkano za zamani, ukikanyagwa ukiwa umelowa hivyo hukauka ukawa tofali, na hakuna mzizi utakaoshukuru. Kishimo hiki kinachukua dakika moja, nacho kimeniokolea mbegu nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Katika siku za kusubiri hakuna haja ya kukaa bure. Huo ndio wakati wa kitalu. Changu ni beseni kuukuu lenye matundu chini, nililojaza udongo wa juu uliochanganywa na mbolea ya maganda ya jikoni iliyoiva tangu Juni, na majivu kidogo ya makala, yaani makaa, kwa sababu udongo wa huku una uchachu na majivu huupunguza. Humo nasia kabeji, ambayo sokoni tunaiita shu, pamoja na poaro na seleri. Uzuri wa beseni ni kwamba linabebeka: mawingu meusi yakija nalisogeza chini ya ukingo wa paa, na mvua ya mawe, ambayo hupenda sana kuja katika mvua hizi za mwanzo, haikuti miche yangu nje. Baada ya wiki nne au tano mvua huwa imeshaingia kweli, na miche inahamishwa kwenye udongo ulio tayari kuipokea.

Lengalenga, yaani mchicha, ni habari nyingine. Mboga hii haina subira na haidai mengi. Unatawanya mbegu zake ndogo mithili ya chembe za mchanga, unazifunika kwa udongo mwembamba, na ndani ya wiki tatu au nne unachuma. Ikifa kwa jua, hujapoteza kitu kikubwa, unatawanya tena. Anayeanza bustani kwa mara ya kwanza mwezi wa Septemba aanze nayo, apate kitu cha kuweka kando ya bugali mapema, moyo wake upate nguvu. Tomati ningemshauri aziache hadi awe na mahali penye paa. Nimezipenda tomati na nimezipoteza miaka mitatu mfululizo kwa ule ugonjwa wa ukungu ambao wakulima wetu huuita mildiyu, unaoanza na madoa ya kahawia kwenye majani ya chini na kummaliza mmea mzima katika siku chache za ubaridi na unyevu. Asiyeweza kuzikosa aweke majani makavu chini ya shina ili matone yasirushe udongo kwenye majani, akate majani yote yanayokaribia ardhi, na asimwagilie juu kamwe.

Sasa maji yenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Hesabu hii nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka wanashangaa. Paa langu lina mita 30 za mraba hivi. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu alasiri moja inaweza kuileta kwa urahisi, inateremsha lita 300 kutoka kwenye mabati, sawa na bidoni 15 za lita 20 ambazo mtoto wangu angezibeba kichwani kutoka kwenye bomba la mtaa. Mvua ya kwanza kabisa naiacha ipite ioshe vumbi na vinyesi vya ndege. Kuanzia ya pili, mfereji wa bati unaelekea kwenye pipa, na pipa hilo ndilo lililoyabeba maharage yangu katika siku kavu za miaka iliyofuata.

Lakini maji hayo hayo usipoyapa njia yatajitafutia yenyewe, na katika mji huu sote tunajua maana yake. Bukavu ni mji wa makorongo. Katika miaka yangu ya mwanzo, mvua kubwa ya Oktoba ilipasua ukingo wa bustani yangu na kupeleka udongo wangu wote wa juu, pamoja na shu zilizokuwa na wiki mbili, hadi kwenye jikoni la familia inayoishi chini yangu. Mama wa nyumba hiyo hakupiga kelele. Alinipandia asubuhi, akaniambia tu, "Mama Mwalimu, shamba yako imekuya kwangu." Niliona aibu kubwa. Nilishuka na wanangu tukasaidia kutoa matope, tukayapandisha kwa karai moja baada ya nyingine, na wiki hiyo hiyo nikaanza kuchimba mifereji ya kukinga maji.

Mifereji hiyo lazima ifuate usawa wa mlima, isielekee chini hata kidogo, na macho hudanganya sana kwenye mteremko. Mimi natumia vijiti vitatu vya mkaratusi vilivyofungwa kama herufi A, na kamba inayoning'inia kutoka kileleni ikiwa na jiwe mwishoni. Unaweka alama katikati ya kijiti cha ulalo. Kamba ikipita juu ya alama, miguu miwili imesimama katika usawa mmoja, unachomeka vigingi ardhini, unazungusha chombo, unaendelea. Siku ya kwanza nilishangaa kuona jinsi mstari wa kweli ulivyopinda mahali ambapo mimi ningechimba moja kwa moja. Kwenye ukingo wa chini wa kila mfereji nimepanda matete, ambayo mizizi yake inashika udongo na majani yake anapewa mwenye mbuzi. Katikati ya mistari nafunika udongo kwa majani makavu ya migomba, ili tone linaloanguka kwa nguvu lipige jani na udongo upone. Udongo unaotutoroka haupotei hewani. Unaingia ziwani, unatoka na mto Ruzizi, unapita kwenye mitambo ya umeme ambayo tayari inasongwa na matope na chupa za plastiki, unashuka hadi Tanganyika. Na maji yanayoubeba, kwa njia ya mto Lukuga, huishia katika mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Ningependa wa kwangu ubaki Muhungu.

Hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi, baada ya salongo, ule usafi wa pamoja wa mtaa, na ya alasiri za katikati ya wiki ninaporudi kutoka shuleni. Mvua ikianza, bustani iko hatua kumi kutoka mlangoni. Naweka jembe chini ya ukingo wa paa na kuingia. Ndiyo sababu nasema alasiri ni ya bustani: ni kazi inayokubali kukatishwa.

Mlima haukubali. Kwa hiyo mlima nimeupa asubuhi ya Jumapili, nami husali misa ya Jumamosi jioni ili alfajiri niwe huru. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, mwanga ukiwa bado wa kijivu, na mara nyingi njia yangu ni kufika soko la Kadutu, ambalo saa hiyo bado limelala, na kupanda kuelekea Ciriri. Si mwendo wa kishujaa. Wanawake wenye mizigo ya makala na ndizi wanaushuka kila siku wakiwa wameinamisha shingo chini ya kamba iliyopita kwenye paji la uso, na sidhani kama mtu anayepanda kwa raha yake ana haki ya kuwapita bila kuwapisha njia na kuwasalimu. "Kasinge," nawaambia kwa Mashi, lugha ya wenyeji wa huku, nao hunijibu hata kama pumzi imewaishia.

Ukifika juu, geuka. Watu huufananisha mji wetu na mkono uliochovya vidole vitano katika ziwa, na kutoka huko juu unaviona: Labotte, Muhumba, Nguba, vimenyooshwa juu ya maji ambayo asubuhi ya mwanzo wa mvua yana rangi ambayo kiangazi hakikuonyeshi hata siku moja. Mvua moja tu inatosha kuosha moshi wa miezi mitatu hewani. Kisiwa cha Idjwi, ambacho Agosti kilikuwa kivuli tu, sasa unakiona kingo zake. Milima ya Rwanda upande wa pili inaonekana mmoja nyuma ya mwingine, na mashamba yake yamekatwa kama mistari ya daftari. Siku moja niliona mvua yenyewe ikitembea juu ya ziwa, pazia jembamba la kijivu lenye jua pande zote mbili, likapita mbele ya Idjwi, likaifuta, na baada ya dakika chache likairudisha. Nilikaa juu ya jiwe nikaitazama hadi ikaisha. Mtu anayesubiri kiangazi ili apande mlima hatakutana na kitu kama hicho.

Viatu ni suala la kwanza ambalo watu huniuliza. Ndala na kamambili ziachwe nyumbani. Boti za mpira zinafaa bondeni, lakini kwenye kushuka huteleza na kuchubua kisigino. Kiatu cha kufunga kamba chenye meno chini kinatosha, hata kama ni cha mtumba. Lililo muhimu zaidi ni namna ya kukanyaga. Udongo mwekundu ulioloweshwa kidogo juu na kubaki mkavu chini, hali ambayo ndiyo ya Septemba hasa, huteleza kuliko ule uliolowa kabisa, kwa sababu tabaka la juu linasafiri juu ya la chini kama samli juu ya sahani. Shuka ubavu ubavu, kwa hatua fupi, goti likiwa limelegea, na upendelee ukingo wa njia penye majani. Fimbo ya mkaratusi inayofika kifuani ni mguu wa tatu, na mtoto yeyote wa mlimani atakukatia.

Mavazi yawe ya tabaka. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii. Ziwa liko kwenye mita 1,460 hivi na kilele cha Kahuzi kwenye 3,308, kwa hiyo kati ya pwani ya ziwa na kilele kile kuna tofauti ya digrii kama 12. Kwa milima yetu ya karibu sweta moja na koti la mvua vinatosha. Kahuzi wenyewe uko ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970, na huko hakwendwi bila mwongozaji wa hifadhi. Na kabla ya mwendo wowote nje ya mitaa unayoijua, uliza watu wanaoishi huko kama njia ni salama wiki hiyo. Wakikwambia usiende, usiende; kuna njia nyingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sina mzaha nalo kabisa, nalo ni radi. Sehemu yetu hii ya dunia imo kati ya zile zinazopigwa na radi kuliko zote. Utafiti uliotumia miaka 16 ya vipimo vya setilaiti, na ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016, uliliweka eneo linalotambulishwa kwa jina la Kabare, jirani zetu hawa, kuwa la kwanza barani Afrika na la pili ulimwenguni, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Mtu anayesimama kwenye mgongo wa mlima saa nane mchana mwezi wa Oktoba anapaswa kulijua jambo hili. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo ukifika 30 kabla ya ngurumo, dhoruba iko umbali wa kilomita 10. Chini ya hapo usingoje. Shuka kutoka mgongoni, ondoka chini ya mkaratusi uliosimama peke yake, funga mwavuli, ingia katika nyumba ya kweli au gari, ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wanangu nimewafundisha kuhesabu tangu walipojua namba, nao huhesabu kwa sauti kibarazani.

Na niongeze neno hapa, kwa sababu nimelisikia mara nyingi na limeniumiza. Radi inapoua mtu mtaani, kuna wanaotafuta jirani wa kumlaumu, na aghalabu anayetajwa ni mzee au mjane asiye na wa kumtetea. Radi inafuata kilicho kirefu na kilichosimama peke yake. Haitumwi na mtu. Atakayewafundisha watoto wake kuhesabu zile sekunde amewakinga wao, na pengine amemkinga pia yule bibi wa jirani.

Nilipoanza kupanda sikujua kusoma anga, na aliyenifundisha alikuwa mama mmoja mzee anayelima pembezoni mwa njia ya juu. Ilikuwa karibu saa nne asubuhi, jua linawaka, mbingu juu yangu haina doa, nami nilikuwa nimeamua kuendelea hadi kilima kinachofuata. Alisimama, akauegemea mpini wa jembe, akaniambia bila hata kunisalimu kwanza: "Mama, ushuke mbio. Mulima imeisha vaa kofia." Nikageuka upande wa Kahuzi. Kweli, juu ya kilele kulikuwa na wingu moja dogo, jeupe, tambarare chini na la mviringo juu, limekaa kama kofia juu ya kichwa cha mtu. Nikamwambia ni dogo mno. Akacheka, akasema nikifika kwangu nitamkumbuka. Nilimkumbuka nikiwa bado njiani, kabla ya saa sita, maji yakinitiririka mgongoni. Tangu hapo wingu hilo ndilo saa yangu: likitokea kabla ya saa tatu, ninageuza papo hapo, likikawia hadi saa tano, siku hiyo ninajua nina muda wa kukaa juu na kumaliza chai yangu ya tangawizi.

Jumapili iliyofuata nilimrudia kumshukuru. Aliniuliza nyumbani kwangu kukoje, nikamweleza habari za mteremko, mifereji na ule ukingo uliopasuka, na kabla sijamaliza akainama na kukata mashina marefu ya matembele, akayafunga kwa uzi wa mgomba na kunikabidhi. Akaniagiza niyalaze kwenye ukingo wa mfereji, vifundo vitatu ndani ya udongo na viwili nje, siku hiyo hiyo, kwa sababu alasiri mvua ingekuja. Nilishuka nikiwa nimeyabeba begani. Saa nane nilikuwa nimeinama nyuma ya nyumba, kofia ya Kahuzi imeshageuka kuwa blanketi lililofunika mji mzima, na tone la kwanza lilinipiga shingoni nikichomeka shina la mwisho. Matembele yale sasa yamefunika ukingo wote wa chini, hakuna udongo unaoonekana, na mama wa nyumba ya chini huyachuma kutoka upande wake bila kuniomba, kama tulivyokubaliana. Kila Septemba, kishimo changu kikishanipa jibu, ninampelekea yule mama wa mlimani mbegu za lengalenga zilizokunjwa katika karatasi ya daftari.